Uchovu usioisha ukiwa na miaka 45: kabla ya dripu nyingine, tujue damu yako inakwenda wapi

SWALI: "Habari daktari. Nina miaka 45, naishi Morogoro, nina duka la nafaka sokoni. Tangu Ramadhani ya mwaka jana nimekuwa mtu wa kuchoka tu. Naamka asubuhi mwili mzito kama sikulala. Nikiinua debe la mchele au nikipanda ngazi, moyo unakwenda mbio mpaka nakaa chini. Nimepimwa sana: mara malaria, mara taifodi, mara UTI. Natibiwa, napata nafuu wiki moja, narudi palepale. Mara mbili niliambiwa damu ni ndogo, mara ya mwisho ilikuwa 9. Nikameza vidonge vya kuongeza damu, ikapanda, nikaacha, sasa nahisi imeshuka tena. Nimeshatundikiwa dripu za vitamini. Hedhi yangu ni ya kawaida, ila siku hizi inakaa siku 8 au 9. Nimenenepa, na mume wangu ananiambia nakoroma. Nina presha, huu mwaka wa tatu natumia dawa. Mashoga zangu wanasema ni umri, mama mkwe anasema nimefanyiwa husuda. Kuna kijana alikuja sokoni na mashine, akanipima mwili mzima, akaniandikia dawa za lishe za laki tatu. Je, kweli umri huu ndio unaochosha hivi? Na nipime nini, maana hela imekwisha na bado sijui naumwa nini?"

JIBU: Dada yangu, pole sana. Umechoka mwili, halafu umechoka kutafuta kinachokuchosha. Lakini katika maelezo yako umetaja karibu kila kitu ambacho daktari angetaka kukijua. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuviunganisha. Nitajaribu kufanya hivyo hapa, ingawa sijakuona wala kukupima, na jina la ugonjwa utalipata kwa daktari atakayekushika mkono na kukuangalia macho.

Nianze na la umri. Hapana, miaka 45 haimkalishi mtu chini kwa kupanda ngazi. Ni kweli kwamba nguvu za misuli hupungua taratibu, usingizi unakuwa mwepesi, na mwanamke anayekaribia ukomo wa hedhi homoni zake huyumba, akapata joto la ghafla usiku na kuamka amelowa jasho. Mabadiliko hayo huja polepole, kwa miaka. Mtu aliyekuwa akibeba madebe Ramadhani moja na ikifika nyingine anashindwa ngazi, huyo ana kitu kinachotafutika. Umri unatusaidia tu kujua tuanze kushuku magonjwa yapi.

Kuhusu la mama mkwe, kama kuombewa kunakupa utulivu, ombewa. Dua haigombani na kipimo cha damu. Ninachokuomba ni usiache kimoja kikacheleweshe kingine.

Mgonjwa akiniambia amechoka, swali langu la kwanza huwa ni: unachoka vipi? Yupo anayeamka vizuri, ila akianza kazi anaishiwa pumzi na moyo unamdunda. Huyo namfikiria damu, moyo na mapafu. Yupo ambaye nguvu anazo, ila akikaa tu anasinzia, hata kwenye daladala, hata akizungumza na mteja. Huyo namuuliza habari za usingizi wake na dawa anazomeza. Yupo ambaye mwili unaweza, ila hana hamu ya lolote, hata vitu alivyovipenda. Huyo namuuliza habari za moyo wake kwa maana ile nyingine. Na yupo anayechoka huku anakonda, ana homa za jioni au jasho la usiku. Huyo simruhusu aondoke bila kupimwa kifua kikuu na VVU. Wewe unaangukia zaidi kundi la kwanza, na una dalili mojawapo ya kundi la pili. Hilo peke yake limeshapunguza vipimo vya kulipia.

Sasa tuzungumze kuhusu malaria, taifodi na UTI, kwa sababu hapo ndipo hela ya watu wengi inapoishia.

Malaria kwa mtu mzima ni ugonjwa wa siku chache, wenye homa, baridi, kichwa na viungo kuuma. Haimchoshi mtu mwaka mzima bila homa. Tena kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hutafuta protini ya mdudu wa malaria, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Ukitibiwa leo ukarudi kupima baada ya wiki 2, unaweza kuambiwa bado unayo wakati umeshapona.

Taifodi ni balaa zaidi. Kipimo kinachotumika sana mitaani ni cha Widal, kilichobuniwa na daktari Mfaransa Georges-Fernand Widal mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinaangalia kama mwili wako umewahi kutengeneza kinga dhidi yake. Kwenye nchi kama yetu, ambako wengi tumeshakutana na taifodi au na bakteria wa ukoo wake, kinga hizo zimejaa mitaani. Ukipima watu 20 wazima pale sokoni kwenu, sitashangaa wachache wakitoka na majibu ya "taifodi". Taifodi ya kweli huja na homa inayopanda siku hadi siku, na kipimo chake cha uhakika ni kuotesha damu maabara.

UTI nayo, ukiwa huna maumivu wakati wa kukojoa, huendi haja ndogo kila mara, huna homa wala maumivu ya kiuno, basi kuonekana bakteria au seli chache za usaha kwenye mkojo hakuhitaji dawa, isipokuwa kwa mjamzito na wachache wengine. Wapo wanawake wazima wanaoishi na bakteria hao bila shida.

Utaniuliza, mbona nilikuwa napata nafuu? Kwa sababu ulipoambiwa unaumwa ulipumzika, mtu mwingine akashika duka, ukala vizuri na ukanywa maji mengi. Nafuu ile ilikuwa ya kweli. Ila haikutoka kwenye sindano.

Hapa sasa ndipo kwenye kiini. Umesema, kama jambo dogo la kupita, kwamba damu imeshuka mara mbili. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kwa mwanamke asiye mjamzito kuanzia chini ya 12, na kwa mwanaume chini ya 13. Wewe ulikuwa 9. Hiyo peke yake inatosha kueleza moyo kwenda mbio: damu inapokuwa na himoglobini chache (ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, na ndiyo inayohesabiwa kwenye kipimo cha wingi wa damu), kila pigo la moyo linabeba oksijeni kidogo, kwa hiyo moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi ili misuli ipate haki yake. Ukiwa umekaa unavumilia. Ukinyanyua debe, hesabu inagoma.

Lakini walipokuambia damu ni ndogo walikuwa wamefika nusu ya safari. Damu haipungui bila sababu: ama inatoka mahali, ama haitengenezwi, ama inaharibiwa. Nawe una mahali pa wazi inapotokea.

Umeandika hedhi yako ni ya kawaida, ila inakaa siku 8 au 9. Dada, hiyo si ya kawaida. Hedhi inayozidi siku 7 tunaihesabu kuwa nyingi. Jiulize pia: unabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili? Unavaa mbili kwa pamoja? Unaamka usiku kubadilisha? Yanatoka mabonge makubwa? Huendi dukani siku ya pili kwa kuogopa kuchafuka? Wanawake wengi wakiulizwa "hedhi yako ikoje?" hujibu "ya kawaida", kwa sababu ndiyo waliyoizoea na hawajawahi kulinganisha na ya mtu mwingine. Swali la pedi ndilo linalotoa ukweli.

Tupige hesabu kidogo, wewe ni mtu wa biashara. Kila mililita ya damu yenye wingi wa kawaida ina takriban nusu miligramu ya madini ya chuma. Mwanamke akipoteza mililita 80 kwa mwezi, ambayo ndiyo mpaka wa hedhi nyingi, ametoa miligramu 40 za chuma. Hapo bado miligramu 1 hivi ambayo mwili hupoteza kila siku kupitia ngozi na utumbo. Kwenye chakula, utumbo hufyonza miligramu 1 hadi 2 kwa siku tu, hata ukila vizuri. Kwa mwezi anaingiza kati ya 30 na 60, na anatoa 70. Wapo wanaotoa damu mara mbili ya hiyo. Unaona mwenyewe biashara hii inakwenda wapi.

Ndiyo maana pia damu yako ilipanda na kushuka. Duka lako lina rafu na lina stoo. Himoglobini ndiyo bidhaa zilizo kwenye rafu. Akiba ya chuma iliyo kwenye ini na uboho wa mifupa ndiyo stoo. Hedhi ikizidi, mwili hutoa kwanza stoo, rafu zikabaki zimejaa, na kipimo cha wingi wa damu kinasoma vizuri kabisa huku stoo imekauka. Wengine huanza kuchoka katika hatua hiyo hiyo, kabla himoglobini haijashuka. Ulipomeza vidonge ulijaza rafu, ukaambiwa damu imepanda, ukaacha. Stoo ilikuwa bado tupu. Hedhi mbili tatu baadaye ukarudi ulikotoka. Kipimo kinachoonyesha akiba kinaitwa feritini, na kinapatikana kwenye maabara kubwa kubwa.

Kuna swali moja nitakuuliza bila kukuaibisha, kwa sababu wanawake wengi hulificha hata kwa waume zao. Je, unapata hamu ya kula udongo, ule wa pemba unaouzwa sokoni? Au kutafuna mchele mbichi ukiwa unapima kwa wateja, au barafu? Hamu hiyo huambatana sana na upungufu wa chuma, na mara nyingi hutoweka baada ya wiki chache za tiba. Si tabia mbaya, wala si ulafi. Mwambie daktari.

Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uombe kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho wengi wanakijua kwa jina la FBP. Usikubali wingi wa damu peke yake. FBP inaonyesha ukubwa wa chembe nyekundu: zikiwa ndogo na zimepauka, chuma ndicho mshukiwa namba moja, ingawa matatizo ya kurithi ya himoglobini nayo hufanya hivyo. Zikiwa kubwa kuliko kawaida, tunafikiria vitamini B12, foliki, pombe, ini, baadhi ya dawa za VVU, au tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Zikiwa za ukubwa wa kawaida, tunaangalia figo na magonjwa ya muda mrefu. Ukiweza kulipia feritini, pima. Usipoweza, na chembe ni ndogo na historia ndiyo hiyo yako, daktari anaweza kukuanzishia chuma na kuangalia kama damu inaitikia. Ni njia halali kabisa.

Halafu kizazi. Kwa umri wako uombe utrasaundi ya nyonga. Uvimbe wa kizazi, zile fibroidi, umeenea sana kwa wanawake wetu wa miaka 40 na kuendelea. Mwanamke anaweza kukaa nao bila maumivu yoyote, dalili ikawa hedhi ndefu tu. Sababu nyingine ni yai kutopevuka kila mwezi kadiri ukomo wa hedhi unavyokaribia, ukuta wa kizazi ukawa mnene na kumwagika kwa wingi. Kama umewekewa kitanzi kisicho na homoni, kile cha shaba, nacho huongeza hedhi. Na kwa mwanamke wa miaka 45 ambaye hedhi imebadilika, daktari wa wanawake anaweza kutaka kuchukua kinyama kidogo cha ukuta wa ndani wa kizazi ili kuhakikisha si saratani. Usiogope akikuambia hivyo. Mara nyingi majibu huwa mazuri, na pale yasipokuwa mazuri, kugundua mapema hubadilisha mambo. Siku hiyo hiyo ufanyiwe na uchunguzi wa mlango wa kizazi. Nyumbani kabla ya yote pima mimba, hata kama unaona haiwezekani. Katika umri huu bado inawezekana.

Tiba ya hedhi nyingi ipo, na si lazima kutoa kizazi. Kuna vidonge vya asidi ya traneksamiki vinavyomezwa siku za hedhi tu, kuna kitanzi chenye homoni ambacho hupunguza damu sana, kuna vidonge vya homoni (ila kwa mwenye presha si vyote vinafaa, na daktari lazima ajue hali yako), na kuna upasuaji wa kuondoa uvimbe au kizazi pale njia nyingine zinaposhindwa. Mwenye uvimbe mkubwa na damu inayoshuka kila mwezi, upasuaji unaweza kuwa ndio uamuzi bora.

Nisimsahau msomaji mwanaume na mama aliyekwishakoma hedhi. Wao wakikutwa na upungufu wa chuma, damu inatafutwa tumboni: vidonda vya tumbo, vidonge vya maumivu kama diklofenaki vinavyomezwa kila siku kwa ajili ya mgongo, au saratani ya utumbo mpana. Hao wasipewe vidonge vya damu na kurudishwa nyumbani. Wapimwe choo, na mara nyingi wafanyiwe kipimo cha kamera. Na kwa yeyote anayelima mpunga au anayetembea peku shambani, minyoo ya safura bado inanyonya damu. Kwa waliokulia kwenye mabonde ya mito kama ya kwenu Morogoro, kichocho pia kiulizwe.

Kuhusu vidonge vyenyewe. Vile vya kawaida vya chuma, vya aina wanayopewa wajawazito kliniki, vinafanya kazi, na ni bei rahisi. Kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Zamani tuliandika mara tatu kwa siku na watu wakaacha kwa sababu ya kichefuchefu na choo kigumu. Sasa tunajua kwamba ukimeza chuma nyingi, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo kwa takriban saa 24 hupunguza kiasi utumbo unachofyonza. Utafiti uliofanywa Uswisi na kuchapishwa mwaka 2017, kwa wanawake waliopungukiwa akiba ya chuma, ulionyesha kuwa kumeza siku moja na kuruka siku moja kulifyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge kuliko kumeza kila siku. Kwa hiyo tumbo likikusumbua, muulize daktari kuhusu kuruka siku, usiache kabisa. Choo kitakuwa cheusi. Ni rangi ya chuma.

Na chai, dada yangu. Chai ya rangi pamoja na chakula au kidonge inazuia sana chuma kuingia. Meza kidonge kwa maji au juisi ya chungwa, subiri saa moja mpaka mbili ndipo unywe chai. Dawa za kutuliza asidi ya tumbo nazo huzuia. Juisi ya rozela na ya biti zina rangi ya damu na ni vinywaji vizuri, lakini rangi haigeuki kuwa damu. Chuma iliyomo haitoshi kulipa deni kama lako. Maini, nyama nyekundu na dagaa vinatoa chuma inayofyonzwa kirahisi kuliko ya mchicha na maharage. Hata hivyo, kwa mtu mwenye 9, chakula peke yake hakitoshi. Akishindwa vidonge kabisa, au akikaribia upasuaji, ipo chuma ya kuwekwa kwenye mshipa, hospitalini tu. Kuongezewa damu kunaachwa kwa aliyeshuka sana au anayezidiwa.

Sasa kukoroma. Usicheke na mume wako akikuambia, mwambie akusikilize vizuri zaidi. Je, kuna wakati unakoroma, halafu kimya kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha unashtuka kama mtu anayekabwa? Hiyo ni dalili ya njia ya hewa kufunga usingizini. Misuli ya koo ikilegea, hasa kwa aliyenenepa, hewa inakatika, oksijeni inashuka, na ubongo unakuamsha nusu nusu ili uvute pumzi. Inaweza kutokea makumi ya mara kwa usiku mmoja, na asubuhi hukumbuki hata moja. Ndiyo ile "naamka kama sikulala". Zaidi ya hapo, kukatika huko kunapandisha presha, na wapo ambao presha yao haishiki kwa sababu hii. Kwa wanawake ugonjwa huu unapitwa sana, maana wao hulalamika uchovu kuliko kusinzia, na hatari yake huongezeka kadiri hedhi inavyokoma. Kipimo kamili cha usingizi hakipo kila mahali hapa kwetu. Hupatikana zaidi kwenye hospitali kubwa. Wakati unasubiri, kulala ubavu, kupunguza uzito hata kilo chache na kuacha dawa za usingizi vinasaidia. Lakini kama mume wako atathibitisha kwamba pumzi inakatika, omba rufaa.

Dawa za presha nazo ziangaliwe. Beba pakiti zako zote, usitaje kwa kumbukumbu. Atenololi na propranololi huchosha baadhi ya watu na kupunguza kasi ya moyo. Dawa za kukojosha zinaweza kushusha potasiamu na sodiamu, ukapata mkazo wa misuli na mwili kuwa kama umepondwa. Zikikutwa ndizo, hubadilishwa kirahisi. Ila usiache mwenyewe, tafadhali. Presha isiyotibiwa ina hatari kubwa kuliko uchovu. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama unazimeza mara kwa mara, zitaje pia.

Yapo mengine ninayotaka yaangaliwe mara moja, kwa sababu una miaka 45, presha na uzito ulioongezeka. Sukari: kabla ya kula, 7.0 na kuendelea ikirudiwa ikawa vilevile ni kisukari. Ukipimwa ile ya wastani wa miezi 3, wakumbushe kuwa una upungufu wa damu, maana unaweza kuivuruga. Figo: kreatinini (taka ya damu ambayo figo huichuja) na protini kwenye mkojo, kwa kuwa presha huharibu figo kimyakimya na figo mbovu nazo hupunguza utengenezaji wa damu. VVU: kama hujapima karibuni, pima, na mumeo apime, aliyegundulika na kuanza dawa anaishi na anafanya kazi yake. Tezi ya thairoidi ikilegea mtu huchoka, hunenepa, huona baridi wakati wenzake wanajipepea, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, na hedhi huongezeka. Una mbili tatu kati ya hizo, kwa hiyo kipimo cha TSH, yaani cha damu cha kuangalia tezi hiyo, kwako kina sababu.

Kisha sonona. Sikuona dalili zake wazi katika maelezo yako, lakini nakuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu: kwa wiki 2 zilizopita, umekosa raha siku nyingi? Vitu ulivyovipenda umevikosea hamu? Unaamka saa 9 usiku na mawazo ya madeni au ya watoto? Sonona huchosha mwili kwelikweli, na inatibika kwa mazungumzo na dawa. Mtu anaweza kuwa nayo pamoja na upungufu wa damu. Kukuta kimoja hakufuti kingine. Na kama imefika mahali unatamani usiwepo, nenda hospitali leo hii, usisubiri kliniki.

Ya kuacha sasa. Dripu ya vitamini ni maji, chumvi au sukari, na vitamini za kundi B ambazo, kama hukupungukiwa, unazikojoa. Hazina chuma ya kukutosha. Ile mashine ya kushika kijiti mkononi, ikatoa kurasa za ini, figo, kongosho na "sumu mwilini", haipimi chochote kati ya hivyo. Hakuna namna kiganja kinavyoweza kusema hali ya figo. Dawa za kusafisha damu zinaweza kuumiza ini, na baadhi ya dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi, ndiyo maana mtu huchangamka ghafla, halafu presha na sukari vikapanda. Ile laki tatu, kama hujailipa yote, usimalizie. Itumie kwa FBP, utrasaundi na daktari wa wanawake. Feritini na TSH vifuate kadiri mfuko unavyoruhusu. Kama una bima ya afya, uliza kabla ya kulipa.

Ukiona lolote kati ya haya, usingoje miadi: maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi ukiwa umekaa au umelala chali, kuzimia, miguu kuvimba, kulowesha pedi moja kila saa kwa saa kadhaa, choo cheusi kama lami wakati humezi chuma, kutapika damu, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Kukonda bila sababu, homa za mara kwa mara, kikohozi cha wiki 2 au zaidi, na damu kutoka baada ya tendo la ndoa au katikati ya mwezi, nenda ndani ya siku chache.

Kama vyote vitatoka safi, si kwamba unajifanyisha. Katika watu wanaochoka muda mrefu, wapo ambao duru ya kwanza ya vipimo haionyeshi kitu. Hao huwa nawarudisha baada ya miezi michache, nikawasikiliza upya na kuwapima tena kufuata dalili zilizojitokeza. Lakini kwa hayo uliyoandika, ningeshangaa sana kwako tusipate kitu.

Ukianzishiwa chuma, rudi upime baada ya wiki 4. Nategemea himoglobini iwe imepanda kwa 1 hadi 2. Ikifika kawaida, endelea kumeza miezi 3 mingine ili kujaza akiba. Ikiwa baada ya wiki 4 haijasogea, daktari apitie mambo manne pamoja nawe: vidonge havimezwi ipasavyo, tumbo halifyonzi, damu inatoka nyingi kuliko unayoingiza, au tatizo halikuwa chuma tangu mwanzo. Usinunue pakiti nyingine kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo.